Mwamba Husomwa kwa Kuelea: Utangulizi wa Elimu ya Matumbawe kwa Familia

Elimu ya miamba ya matumbawe ni miongoni mwa elimu chache ambazo mtoto wa miaka minane anaweza kuziingia siku ya kwanza akaona kile kile anachokiona profesa. Anayetaka kusoma nyota huhitaji darubini, na anayetaka kusoma vijidudu huhitaji maabara. Anayetaka kuujua mwamba huhitaji miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia, jaketi la kuelea na chombo cha kumfikisha penye maji ya kina cha mita mbili tatu. Ndiyo sababu utangulizi huu nimeuelekeza kwa familia, hasa ile inayopanga siku moja ya likizo baharini: kupanda ngalawa, jahazi au katamarani asubuhi, kuogelea juu ya matumbawe, kula samaki wa kupaka, na kurudi bandarini alasiri. Siku kama hiyo ikipangwa vizuri ni darasa la kwanza la ikolojia ya bahari. Ikipangwa ovyo, watoto hurudi wamechoka, macho mekundu kwa chumvi, na walichokiona ni mapezi ya waogeleaji wenzao.

Mifano yangu mingi inatoka mwambao wetu: Kisite na Mpunguti kusini mwa Kenya, Watamu, Chumbe karibu na Unguja, na Mafia. Lakini ninalolisema linafaa popote penye matumbawe, nalo ni hili: mwamba humfunulia mambo mtu aliyetulia mahali pamoja. Safari nyingi huuzwa kwa wingi wa vituo. Utaahidiwa visiwa vitatu, pomboo, kasa na fungu la mchanga, vyote kati ya kifungua kinywa na saa kumi jioni. Ushauri wangu ni kuchagua kituo kimoja na kukikalia.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya walibishana kama tumbawe ni jiwe au ni mmea. Katika miaka ya 1720 daktari Mfaransa, Jean-André Peyssonnel, aliyaweka matawi ya tumbawe jekundu ndani ya chombo cha maji ya bahari, akaona kwamba kile ambacho wenzake walikiita maua kilijikunja kilipoguswa na kufunguka tena kilipoachwa. Akasema huyu ni mnyama. Wakubwa wa sayansi mjini Paris walimkatalia, na ilichukua miaka mingi hadi akakubalika. Mimi humtaja kila ninapoanza somo hili kwa sababu alichokifanya ni chepesi kukiiga: alimtazama kiumbe akiwa hai, ndani ya maji yake, kwa muda wa kutosha.

Mnyama huyo huitwa polipu, naye ni jamaa wa konyeza. Ana umbo la kifuko chenye mdomo mmoja juu, na mdomo huo umezungukwa na vikono vyenye sumu kidogo ya kunasia chakula. Polipu mmoja mara nyingi hazidi milimita chache, lakini huishi kwa maelfu, wameungana, na kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa chini yake. Wakifa, vikombe hubaki na wengine hujenga juu yake. Ujenzi huu ni wa polepole. Matumbawe ya mviringo aina ya Porites huongezeka takriban sentimita 1 kwa mwaka. Yale ya matawi, Acropora, huweza kufikia sentimita 10 au zaidi. Fanya hesabu na watoto mkiwa bado chomboni. Porites mwenye kimo cha mita 3 ana umri wa karne tatu hivi, yaani alianza kukua wakati watu walioshuhudia Wareno wakitimuliwa Ngome ya Yesu mnamo 1698 bado walikuwa hai.

Na msidhani matumbawe yako majini tu. Nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe, Unguja, zimejengwa kwa mawe ya miamba ya kale iliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka, yakaunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo. Kilwa Kisiwani, mafundi walichonga nakshi za mihrabu katika Porites waliyemtoa baharini akiwa bado laini, kabla hajakauka na kuwa mgumu. Familia inayotembelea magofu ya Gedi leo na kwenda Watamu kesho imesoma kitabu kimoja mara mbili.

Ndani ya nyama ya polipu mnaishi mwani wa chembe moja, kwa mamilioni. Mwani huu hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake, na kwa matumbawe mengi ya maji mafupi mgao huo unaweza kufika asilimia 90 ya nishati yote anayohitaji. Hapa ndipo penye hoja yangu kuhusu kuelea. Tumbawe hutaka jua, kwa hiyo hustawi karibu na uso wa maji. Tena maji humeza rangi: nyekundu huanza kufifia ndani ya mita chache za mwanzo, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, na aliye mita 20 chini huona karibu kila kitu kikiwa cha buluu au kijivu. Mzamiaji mwenye mtungi wa hewa ana yake ya kuona huko chini. Lakini mtoto anayeelea juu kabisa, uso majini na mgongo juani, yuko mahali ambapo mwanga, rangi na uhai wa mwamba vimekutana. Kisiwani Chumbe, ambako mwamba uko katika maji mafupi na umehifadhiwa tangu 1994, wageni hawaruhusiwi kuzamia kwa mitungi. Wote huelea kwa mrija, na sijapata kumsikia aliyejuta.

Chombo nacho ni sehemu ya elimu. Katamarani ina miili miwili iliyoachana na kuunganishwa kwa jukwaa, hivyo hailali upande upesi, na watoto wanaweza kutembea juu yake bila kushikwa kila hatua. Pia haizami sana majini, kwa hiyo husogea penye maji mafupi. Sifa hizo hizo ndizo zilizoipa ngalawa maisha marefu. Fundi huichonga ngalawa kutoka gogo la mwembe, kisha huifunga marengu, zile mbao mbili za pembeni zinazogusa maji, ili chombo chembamba kisipinduke upepo ukijaa tangani. Wanahistoria wengi huihusisha na mabaharia waliotoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, wakavuka Bahari ya Hindi na kukalia Madagaska zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mwombe nahodha awaeleze watoto namna marengu yanavyofanya kazi. Mabaharia wa mwambao hupenda kuulizwa, na maelezo yao hayamo vitabuni.

Kabla ya kulipa nauli, uliza swali moja: chombo kitafungwa kwenye boya au kitatupa nanga? Nanga na mnyororo wake vinaweza kuvunja kwa dakika moja matumbawe yaliyochukua miaka ishirini kukua. Penye hifadhi nzuri kuna maboya ya kufungia. Pasipo na boya, nanga itupwe mchangani, mbali na mwamba, na mwogelee kuufuata.

Swali la pili ni la mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa ni bamvua, na hapa kwetu maji huweza kupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Maji mengi namna hiyo yakipita kati ya visiwa hutengeneza mkondo wa kumchukua hata mtu mzima aliye hodari. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari hutembea kidogo, na hizo ndizo za kumpeleka anayeanza. Katika siku yoyote ile, wakati mwema ni pale maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Maji yakipwa mno, matumbo na magoti ya watoto yatakwaruza matumbawe, kwa hasara ya pande zote mbili. Kuhusu pepo, kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu kuliko kusi, ambayo hupamba moto Juni hadi Agosti. Wakati wa masika mito hushusha tope na maji ya pwani huwa na ukungu. Nahodha anayetaja saa ya kuondoka bila kufikiria maji, mwache.

Vifaa ni vichache lakini kila kimoja kina fizikia yake. Jicho letu limeumbwa kuona likiwa na hewa mbele yake. Likigusana na maji moja kwa moja, kila kitu huwa na ukungu. Miwani huirudisha ile hewa. Lakini mwanga hupinda unapotoka majini kuingia kwenye hewa hiyo, na vitu huonekana vikubwa kwa theluthi moja na karibu zaidi: samaki aliye umbali wa mita 4 huonekana kama yuko mita 3. Mtoto akinyoosha mkono akakosa kamba ya boya aliyodhani iko mbele yake, amelithibitisha hilo mwenyewe.

Watoto pia huuliza kwa nini mrija usirefushwe ili mtu ashuke chini huku anapumua. Ni swali zuri, na jibu lake linaokoa maisha. Maji hukandamiza kifua, na mita 1 tu chini ya uso misuli ya mbavu haiwezi tena kuvuta hewa ya kawaida kutoka juu kwa muda. Zaidi ya hayo, hewa iliyotumika hubaki ndani ya mrija mrefu na mtu akairudia. Ndiyo maana mrija huwa mfupi, na wa mtoto uwe mfupi na mwembamba kuliko wa baba yake. Mazoezi ya kwanza yafanyike ufuoni, maji yakiwa ya kiuno. Mtoto na apumue kwa mdomo akiwa amesimama, kisha aweke uso majini, kisha ajifunze kuupuliza mrija maji yakiingia. Wengi hushtuka kwa pumzi mbili tatu za mwanzo, kwa sababu husikia sauti ya pumzi yao wenyewe kwa nguvu. Mwachie muda, usimcheke. Na usisubiri kelele kujua kama kuna shida, maana anayezama mara nyingi huzama kimya. Mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, kwa umbali wa mkono.

Sasa mko juu ya mwamba. Chagueni tumbawe moja kubwa na mkae juu yake robo saa, mkiwa mmeshika boya au kamba iliyofungwa chomboni. Dakika za mwanzo hakutakuwa na jambo, kwani samaki wamejificha kwa sababu ya vishindo vyenu. Kisha watatoka mmoja mmoja na kuendelea na shughuli zao.

Sikilizeni kwanza. Kuna mlio wa kutafuna, kama mtu anayevunja karanga ngumu kwa meno: huyo ni pono. Meno yake yameungana kuwa mdomo mgumu, naye hukwangua mwani juu ya mawe pamoja na chokaa yenyewe, akaisaga kooni. Mfuateni kwa macho tu. Baada ya muda mtamwona akiachia wingu jeupe nyuma yake, nalo ni mchanga. Pono mkubwa huweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka, na sehemu ya ufuo mweupe mliotoka asubuhi imepita tumboni mwa samaki kama huyu. Ni jambo ambalo watoto hawalisahau, na ni ikolojia safi: mmoja anajenga, mwingine anasaga, na ufuo unapatikana katikati.

Halafu tafuteni samaki mdogo, mwembamba, wa rangi ya samawati mwenye mstari mweusi ubavuni, anayechezacheza mahali pale pale. Ni msafishaji. Samaki wakubwa, hata chewa, humjia, husimama, hupanua mashavu na mdomo, naye huingia humo kuwatoa wadudu wanaowanyonya. Aliye na haraka hawezi kuyaona haya. Kaa zaidi utaona kwamba wateja husubiri zamu. Kuna samaki mwingine aliyejipaka rangi zile zile na kuiga mwendo ule ule, lakini akikaribiwa humega kipande cha pezi na kukimbia. Kumtofautisha huyu na yule, kwa umbo la mdomo wake, ni mtihani wa kwanza wa kweli katika elimu hii, na nimeona watoto wakiufaulu kabla ya walimu wao.

Kutoka hapo mtu anaweza kuingia katika maswali makubwa. Tangu miaka ya 1980, mtafiti Tim McClanahan na wenzake wamelinganisha miamba ya Kenya iliyomo ndani ya hifadhi na ile inayovuliwa. Waligundua kwamba mahali palipovuliwa sana, urchini wa baharini, viumbe wa mviringo wenye miiba, huzagaa kila mahali na kuukwangua mwamba hadi kuudhoofisha, ilhali ndani ya hifadhi ni wachache. Sababu kubwa ni kikande, samaki mwenye taya ngumu anayewapasua na kuwala. Kikande hunaswa kwa urahisi, na akiisha, walaji wa mwamba hukosa wa kuwazuia. Familia inayopita hifadhi ya Kisite na kisha kuelea nje ya mipaka yake inaweza kuiangalia hoja hiyo kwa macho yake: hesabuni miiba, hesabuni vikande.

Mtayaona pia majeraha. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na katika sehemu nyingi za mwambao wa Kenya na Tanzania nusu au zaidi ya matumbawe magumu yalikufa. Joto likizidi kile kiwango cha juu cha kawaida kwa nyuzi 1 tu, kwa wiki kadhaa, polipu huufukuza mwani wake na kubaki mweupe. Mweupe huyo bado yu hai, na joto likishuka mapema anaweza kupona. Aliyekufa huvaa utando wa mwani wa kahawia au kijani ndani ya siku chache. Mfundishe mtoto tofauti hii; ni tofauti kati ya mgonjwa na maiti, na watu wazima wengi huikosea. Joto limerudi tena mwaka 2016 na 2024. Haya siyaandiki kwa kukata tamaa, kwani pia nimeona Acropora wachanga, wadogo kama kiganja, wakiota juu ya mifupa ya wale waliotangulia.

Kuhusu adabu nitasema kwa ufupi. Msisimame juu ya matumbawe wala msiyaguse. Msiwape samaki mkate, kwa kuwa aliyezoea mkate huacha kazi yake. Vaeni fulana za mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta mengi ya jua. Baadhi ya kemikali zake zina madhara kwa matumbawe, na Palau ilizipiga marufuku mwaka 2020. Pomboo wakitokea, tazameni kutoka chomboni. Utafiti uliofanywa kusini mwa Unguja ulionyesha kwamba mashua za watalii huwapunguzia pomboo muda wa kupumzika, na mama mwenye mtoto anahitaji pumziko hilo.

Kuna jambo linaloniuma. Watoto wengi wa mwambao hukua wakisikia mawimbi usiku na mchana, wazazi wao wanaishi kwa pweza, changu na tafi, na bado hawajawahi kuutazama mwamba kwa miwani. Wasichana hasa hawafundishwi kuogelea. Chumbe hupokea wanafunzi wa shule za Zanzibar kwa sababu hiyo, na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi waliojifunza kuwa walimu. Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe walitenga sehemu ya bahari yao, wakaiita tengefu, na leo wanaonyesha wageni samaki waliorudi. Katika hifadhi za taifa, raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Safari hii ni ya mtoto wa Shimoni kama ilivyo ya mtoto wa London, na kama mzazi anasita kwa sababu anaona utalii ni wa wengine, naomba asisite tena.

Anayetaka kuendelea, njia ni fupi. Mwaka 1954 Vernon Brock alichapisha, kutokana na kazi yake Hawaii, namna ya kukadiria samaki wa mwamba: unanyoosha mstari wa urefu unaojulikana, unaogelea juu yake, unaandika kila samaki unayemwona upande huu na ule. Hadi leo watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Unguja, na wa shirika la utafiti wa bahari la CORDIO, Mombasa, wanatumia mbinu za ukoo huo. Familia inaweza kuifanya kwa kamba ya mita 10, kibao cha plastiki na penseli, ambayo huandika majini bila taabu. Anzeni na majina matano mnayoyajua kwa yakini: pono, kangaja, chewa, kikande, na yule msafishaji. Andikeni tarehe, saa, hali ya maji na jina la mahali. Mwakani rudini pale pale, siku za maji mafu, mnyooshe kamba ile ile. Na yule mtoto aliyeshika kibao mara ya kwanza, mara hii apewe kazi ngumu zaidi, ya kutofautisha Porites na Acropora na jamaa zao, ambayo ndiyo sura inayofuata ya elimu hii.